Dresa Aliyewanusa Watoto

Kabla hajauliza chochote, Dresa alimnusa mtoto. Alimpokea kutoka mgongoni mwa mama yake, akamlaza kwenye meza iliyotandikwa shuka, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa mdomo wa yule mchanga, akavuta pumzi. Halafu akasimama wima akamtazama mama. Sisi tuliokuwa kwenye benchi tulijua huo ndio wakati wa kuinamisha macho. Alitambua kila tulichofanya nyumbani. Alinusa mafuta ya taa tuliyopaka kifuani, alinusa masizi ya jikoni yaliyochanganywa na mate, alinusa moshi kwenye nywele za mtoto, na zaidi ya vyote alinusa samli.

"Nani amewekea huyu mtoto samli kwa pua?"

Hakunong'ona. Dispensari yake ilikuwa vyumba viwili vya mawe na paa la bati, upande wa Nuu, mahali ambapo watu walifika kwa miguu au kwa punda, na sauti yake ilitoka dirishani ikawafikia hata waliokuwa bado wanapanda kilima. Mama aliyeulizwa alijibu kwa machozi. Wengi walisema ni nyanya wa mtoto, na mara nyingi ilikuwa kweli. Siku hizo mtoto akibanwa na kamasi mpaka ananyonya na kuachia, ananyonya na kuachia, nyanya zetu walipasha samli moto kidogo wakamtonea puani, ili mafuta yalainishe njia. Mtoto alipiga chafya, akakohoa, akalia kwa nguvu, na kila mtu pale nyumbani akashukuru kwamba kifua kimefunguka. Dresa alisema kilichofunguka ni njia ya samli kwenda kwa mapafu.

"Mapafu si sufuria," alikuwa akisema. "Hayawekwi mafuta."

Tulimwita daktari, naye alikataa. "Daktari yuko Mwingi. Ukitaka daktari, panda lori. Mimi ni dresa, wa kufunga vidonda." Tukamwita Dresa mpaka jina lake likapotea. Nilimjua kwa miaka zaidi ya ishirini na sikuwahi kusikia mtu akimwita vingine, hata pale kanisani alipoombwa kuongoza maombi.

Sijui alizaliwa wapi wala nani alimfundisha kazi. Ninalojua ni mikono yake. Ilikuwa mikubwa, ya mtu wa kuchimba visima, lakini ilimgeuza mtoto wa wiki mbili kama unavyogeuza chapati usiyotaka ipasuke. Kwanza alimvua nguo. Tulizoea kuwafunika watoto shuka juu ya sweta juu ya blanketi, na yeye alizitoa moja moja, akizirusha kwenye mapaja ya mama. "Unataka apumue wapi? Umemfunga kama gunia la ndengu." Baada ya hapo alitazama mbavu. Kama nyama ya katikati ya mbavu ilikuwa inaingia ndani kila mtoto akivuta hewa, aliacha kugombeza, na hapo ndipo mama alipaswa kuogopa kweli.

Alikuwa na saa isiyo na mkanda, aliyoiweka kwenye mfuko wa shati, na kwa saa hiyo alihesabu pumzi. Sisi hatukuwa na saa, na wengi wetu hatukujua kusoma, kwa hiyo alitufundisha njia nyingine. "Mlaze kifuani kwako. Pumua pamoja naye, akivuta na wewe vuta. Kama wewe mtu mzima unachoka kumfuata, huyo ni mgonjwa, mlete. Usingoje kesho." Wanawake walicheka aliposema hivyo mara ya kwanza. Lakini niliwaona baadaye, sokoni, kanisani, mmoja amefumba macho na mtoto kifuani, anapumua.

Dawa yake kubwa ya kamasi ilikuwa maji ya chumvi. Aliyachemsha, akayapoza, akatia chumvi kidogo sana, akatuonjesha. "Yawe kama machozi yako. Yakizidi machozi, mwaga." Tone moja tundu hili, tone moja tundu lile, kisha alingoja bila kufanya kitu, na kungoja huko ndiko kulikowashinda wanawake wengi. Ndipo alipochukua kipira chake chekundu cha kunyonyea kamasi, akakibonyeza kwanza hewa itoke, akakiingiza kidogo tu mlangoni mwa pua, akakiachia pole pole. Kamasi ikatoka na sauti. Mtoto akalia, akanyamaza, na akipewa ziwa akalishika asiachie. Dresa hakutabasamu hata hapo. Alikichemsha kipira chake kwenye sufuria, akaita mwingine. "Mtoto mdogo hajui kupumua kwa mdomo," alituambia, sijui mara ngapi. "Ukiziba pua, umeziba mtoto."

Maji hayo yote tulimpelekea sisi wenyewe. Pale kilimani hapakuwa na maji, na kila mama alifika na kibuyu au chupa aliyojaza kwenye mashimo ya mchanga mtoni. Dresa alinawa mpaka kwenye viwiko, kati ya mtoto na mtoto, hata mwaka ambao mvua zilikosa mara mbili na ng'ombe wakawa wanainuliwa kwa mkia. Mzee mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu wake alishindwa kuvumilia.

"Unaosha mikono na maji ya mbuzi wangu wawili!"

"Basi rudi na mbuzi," Dresa akamwambia, akiendelea kunawa. "Mtoto niachie mimi."

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu aliyetoka kaskazini mashariki, aliyejenga nyumba na boma karibu na barabara ya kwenda Mwingi. Mkewe hakujua Kikamba wala Kiswahili, na alipomleta mtoto wao, mumewe alisimama katikati akitafsiri. Mtoto alinuka samli. Dresa alifoka kwa muda mrefu, kisha yule mume akamgeukia mkewe akasema maneno matatu kwa upole.

"Mimi nimesema mengi," Dresa akasema. "Wewe umesema machache. Rudia."

"Dakitari, huyu bado ni mgonjwa wa kujifungua."

"Mimi si daktari. Rudia."

Yule bwana akarudia, maneno kumi safari hii, na mkewe akaanza kulia, na sisi kwenye benchi tukamchukia Dresa kwa siku nzima. Mtoto alipona. Baada ya hapo yule mfanyabiashara akawa rafiki yake mkubwa, na kila mwezi wa kufunga ulipoisha alimletea nyama.

Mambo yake mengine hayakupatana. Alitukataza kuvuta chochote karibu na watoto, naye alikuwa na kikopo cha tumbaku ya kunusa mfukoni, kando ya ile saa. Kati ya wagonjwa alitoka nyuma ya nyumba, akanusa, akapiga chafya saba, akarudi macho mekundu. Pua yake mwenyewe ilikuwa imeziba tangu nilipomjua, aliongea kama mtu mwenye mafua, lakini samli haikumpita. Alitugombeza mbele za watu lakini alitembea vilima vyote kutuangalia. Mama ambaye hakurudi siku aliyoambiwa, Dresa alimfuata mpaka kwake baada ya kazi. Mara nyingi hakuingia. Alisimama nje ya ua, akasikiliza mtoto akilia ndani, na kama kilio kilikuwa kizuri, chenye nguvu, aligeuka akaenda zake bila kubisha. Tulijua alikuja kwa sababu watoto walimwona njiani.

Sasa niseme habari yangu na yeye. Mpaka hapo nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi na watoto wa ndugu zangu tu.

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa anafanya kazi ya ujenzi Nairobi na alikuja nyumbani mara chache. Niliishi na mama yake. Nilimwita Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, na sikumwita hivyo kwa heshima tu. Mama yangu mzazi nilimpoteza nikiwa mdogo. Mwaitu ndiye aliyenifundisha kusuka kiondo, ndiye aliyenipa kitanda chake nilipopata mimba, akalala kwenye ngozi. Kijiji chote kilimletea watoto. Alikuwa na mikono myepesi, na mtoto aliyelia kwa kila mtu alinyamaza kwake.

Kifungua mimba wangu alikuwa mvulana. Alipokuwa na miezi mitatu ikaingia ile baridi ya katikati ya mwaka, yenye upepo na mawingu yasiyoleta mvua. Akashikwa na kamasi. Nilimtonea maji ya chumvi kama Dresa alivyotufundisha, lakini sikuwa na kipira, na kamasi ilikuwa nzito. Mtoto alinyonya na kuachia siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda mtoni kuteka maji, na niliporudi nikamkuta Mwaitu amempakata, kijiko mkononi, mtoto anakohoa.

"Amepiga chafya mara nne," akaniambia, amefurahi. "Sasa atanyonya."

Nilijua Dresa angesema nini. Nilijua, na sikusema neno. Ningemwambiaje mtu aliyenipa kitanda chake? Na kweli mtoto alinyonya jioni hiyo. Asubuhi ya pili yake alikuwa wa moto, na nilipomlaza kifuani nikajaribu kupumua pamoja naye, kizunguzungu kikanishika kabla sijafika mahali popote.

Mwaitu ndiye aliyembeba njia nzima. Hakutaka nimpokee. Tulifika dispensari jua likiwa juu, benchi limejaa, na wanawake walipomwona mtoto wakatupisha. Dresa akamlaza mezani. Akainama. Akavuta pumzi. Akasimama wima, na macho yake hayakuja kwangu, yalikwenda kwa Mwaitu.

Nikafumba macho nikingoja lile swali.

"Ameanza lini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Alimvua nguo, akaona mbavu. Alimtonea maji, akamnyonya kamasi, akamchoma sindano, akamwinua akamgongagonga mgongoni kwa vidole vilivyokunjwa. Kisha akatoka nje mbio, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akikimbia, mpaka barabarani kwa yule mfanyabiashara wa mifugo, ambaye lori lake lilikuwa limeshapakiwa. Nilitoka na mtoto mikononi. Yule bwana hakuuliza kitu. Aliwapigia kelele vijana wake wakaanza kuteremsha mbuzi ili tupate nafasi, na mbuzi walikuwa wengi, wanavutwa kwa masikio, wanarudi nyuma, wanapiga kelele. Mtoto wangu alikufa mbuzi wakiendelea kushuka.

Dresa alimpokea, akasikiliza kifua chake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akamfunika. Mwaitu alikuwa ameketi chini, barabarani, mikono yake wazi juu ya magoti.

"Ni mbevo, mama," Dresa akamwambia. Mbevo ni baridi. "Baridi imemwingia kwa mapafu. Mwaka huu imekuwa mbaya."

Wanawake wa benchi walikuwa wametufuata barabarani, wakasikia wote. Nami nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Dresa, nikasema moyoni kwamba chini ya ule ukali kuna mtu.

Lakini Mwaitu alimwamini. Hilo ndilo ambalo sisi wawili, Dresa na mimi, hatukulifikiria. Kama ni baridi, basi samli haikuwa na kosa. Kabla mwaka haujaisha jirani yetu akamletea binti yake wa miezi miwili aliyebanwa kifua, na Mwaitu akapasha samli. Nilikuwa shambani. Mtoto huyo alipelekwa kwa Dresa, akapelekwa Mwingi, akakaa huko wiki nyingi akapona, ingawa alikua na kifua kinachopiga filimbi kila baridi. Dresa lazima aliuliza swali lake, na lazima alijibiwa.

Alikuja kwetu Jumapili, baada ya ibada, amevaa koti. Hakusimama nje ya ua kama desturi yake, aliingia. Mwaitu alikuwa anachagua mawe kwenye ndengu, ungo mapajani. Akaniambia nilete kigoda na chai. Kigoda alikikubali, chai akaikataa.

"Mama, ile siku nilikudanganya," akasema.

"Siku gani?"

"Siku ya mjukuu wako. Nilisema ni baridi. Haikuwa baridi."

Mwaitu aliendelea kuchagua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni samli, mama."

"Samli haijimwagi," Mwaitu akasema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na mimba ya miezi sita. Nilimwambia Dresa, "Toka." Ndilo neno pekee la ukali nililowahi kumwambia mtu mzima. Akainuka, akavaa kofia yake, akatoka. Mwaitu alimaliza ndengu zote, akazipeta, akaziinjika, na jioni tukala.

Hakubeba mtoto tena. Nilijifungua binti, kisha wavulana wawili, kisha binti mwingine. Aliwapikia uji, aliwafulia nguo, aliwachekea kutoka upande wa pili wa moto. Nikimwambia, "Nishikie huyu kidogo," alisema mikono yake ina moshi, au ina udongo, au imechoka. Majirani wakaacha kuleta watoto wao. Watoto wangu walikua wakidhani ndivyo nyanya walivyo, watu wa kukaa hatua mbili mbali.

Mimi nilimchukia Dresa. Nilimchukia kwa kudanganya, nikamchukia zaidi kwa kusema kweli. Watoto wangu wote wanne niliwapeleka kliniki nyingine, mbali mara mbili, na nikimwona anakuja njiani niliingia vichakani kama mtu anayekwenda haja. Huku nyumbani, mtoto akiziba pua, nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaonja kama ni machozi. Niliwalaza kifuani nikapumua nao. Sikuwa na maarifa mengine ila yake. Sitasema uongo, wote wanne wako hai.

Mwaitu alikufa mwishoni mwa miaka ya themanini. Dresa hakuja mazishini. Alikuwa ameshastaafu, akasemekana amehamia kwa bintiye, wala hakuna aliyejua ni wapi.

Nilijua miaka kadhaa baadaye. Binti yangu wa kwanza alikuwa ameolewa Makindu, akajifungua, nikaenda kumsaidia. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya maduka, malori ya Mombasa yakipita usiku na mchana. Siku ya nne binti yangu akaniambia, "Mama, kwa yule fundi wa nguo kuna mzee anasema alikuwa dresa huko kwenu. Kazi yake ni kuuliza kama kila mtoto anayepita ananyonya vizuri."

Nilikaa siku mbili bila kwenda. Siku ya tatu nikaenda.

Alikuwa kwenye kiti cha mbao mbele ya duka la bintiye, blanketi miguuni. Amekonda sana. Macho yalikuwa yamefunikwa na ule ukungu wa uzee, na nilipomsalimu aligeuza sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo ni sauti ya Nuu." Akainama mbele. "Ongea tena."

"Nimekuja kuona binti yangu. Amejifungua."

"Wewe ni yule mama wa mbuzi," akasema. "Mbuzi walikuwa wanashuka."

Nikaketi kwenye ngazi ya duka. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama.

"Yule nyanya," akauliza, "alirudi kubeba watoto?"

Nilikuwa na nafasi ya kumpa jibu jepesi. Alikuwa mzee, mgonjwa, na mimi ningeondoka baada ya wiki moja.

"Hapana," nikasema. "Hata mmoja. Mpaka tukamzika."

Aliitika kwa kichwa, pole pole, mara nyingi. "Niligombeza wanawake miaka mingi," akasema. "Siku hiyo nikaona mikono yake, sauti ikakataa kutoka. Sasa nakaa hapa nauliza, nilikosea wapi? Siku niliyodanganya au siku niliyosema ukweli? Wewe ulikuwapo zote mbili. Niambie."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo miaka yote, sikuwa na mtu wa kumpa.

"Si siku hiyo wala hiyo nyingine. Ulikosea kutorudi."

"Wewe ulinifukuza."

"Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Yeye hakukufukuza. Kila Jumapili baada ya ibada alifagia ua, akatoa vigoda viwili, akainjika chai. Nilimwambia hutakuja. Aliniambia, yule mtu hajamaliza. Huwezi kumwambia mwenzako jambo kama hilo ukaenda zako kabisa, lazima utarudi mmalize. Alikuwa na maneno yake ya kukuambia. Sijui ni maneno gani, hakuniambia mimi, alikuwekea wewe."

"Alingoja mpaka lini?"

"Mpaka aliposhindwa kushika ufagio."

Lori likapita, vioo vya duka vikatikisika. Dresa alingoja lipite lote, na matela yake.

"Niliogopa," akasema.

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu huyo alijua neno hilo. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi niliona kijiko siku ile nikanyamaza, na niliogopa vilevile. Bintiye alitoka na chai vikombe viwili, akatutazama, akaviweka chini akarudi ndani.

"Mlimzika wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Unaacha barabara pale penye maduka matatu, unateremka mpaka mtoni, unavuka mchanga, unapanda na njia ya ng'ombe mpaka uone nyumba mbili za bati, kaburi liko upande wa chini, kando ya la mtoto. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vyake vikitembea juu ya blanketi, huku na huku. Bintiye alikuwa ameniambia mlangoni kwamba hawezi kufika hata chooni bila kushikwa mkono.

"Rudia hapo baada ya mto," akasema.

Nikarudia.